Kusoma ripoti ya ukaguzi wa shahada mpaka ujue ni nini hasa kimebaki

Ukifungua ripoti ya ukaguzi wa shahada (degree audit), ile inayoonyesha masharti gani ya kuhitimu umetimiza na yapi bado, jicho hukimbilia asilimia iliyoandikwa juu ya ukurasa. Iache kwanza. Asilimia 95 haikuambii kama ile 5 iliyobaki ni kozi yoyote ya krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), au ni mradi wa mwisho unaofundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka na unaodai kozi mbili zitangulie. Mwanafunzi wa kwanza atamaliza muhula ujao, wa pili bado ana mwaka mzima, na skrini zao zinafanana. Habari unayoitafuta iko chini ya hapo, mstari kwa mstari.

Mifumo ya kompyuta inayotoa ripoti hizi imeenea zaidi katika vyuo vikuu vya Marekani na Kanada. Inayokutwa mara nyingi ni Degree Works ya kampuni ya Ellucian, uAchieve (zamani ikiitwa DARS), na sehemu za ukaguzi zilizomo ndani ya PeopleSoft na Workday. Chuo chako huenda kimeupa mfumo wake jina jingine, lakini kazi ni ileile. Kompyuta inachukua vitu vitatu: kumbukumbu ya kozi na gredi zako, programu uliyojiandikisha, na masharti ya programu hiyo kwa mwaka fulani wa katalogi. Kisha inajaribu kuipangia kila kozi nafasi yake kwenye masharti. Basi. Haikuwepo mshauri wako wa masomo alipokuambia ofisini kwamba kozi ile "itakubalika", na haisomi barua pepe ya mkuu wa idara. Jambo ambalo hakuna aliyeliingiza kwenye mfumo, kwa ripoti ni kama halijawahi kusemwa.

Kutoa ripoti iliyo sahihi

Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Kiungo cha ukaguzi huwa chini ya menyu ya masomo, ya kumbukumbu au ya kuhitimu. Usisome ripoti iliyokuwa imekaa hapo, itengeneze upya kwa kubofya kitufe cha kuchakata. Kisha tazama tarehe ambayo data ilisasishwa mara ya mwisho. Vyuo vingi husasisha data usiku, kwa hiyo kozi uliyojiandikisha asubuhi inaweza isionekane mpaka kesho yake. Wengi huhangaika na kuandika barua za malalamiko kumbe walitakiwa kulala tu.

Kabla ya kushuka chini, soma kichwa cha ripoti neno kwa neno: aina ya shahada, fani kuu, fani ndogo kama unayo, mkondo ndani ya fani, na mwaka wa katalogi. Shahada ya sanaa na shahada ya sayansi katika fani ileile zinaweza kutofautiana kwa kozi kadhaa za hisabati au za lugha. Mkondo ukiwa umekosewa, nusu ya masharti utakayoyasoma si yako. Kosa la kichwani husahihishwa na ofisi ya msajili au idara, kwa kawaida kwa fomu moja ya kubadili programu. Lisahihishe kwanza ndipo uendelee.

Sasa toa ripoti mbili. Ya kwanza iwe na kozi unazosoma sasa pamoja na ulizokwisha kujiandikisha kwa muhula ujao. Ya pili iwe bila hizo. Mifumo mingi ina kisanduku cha kuchagua jambo hili. Ripoti ya kwanza inajibu swali "nikifaulu kila kitu nitakuwa wapi", na ya pili inajibu "leo nina nini mkononi". Tofauti kati yake ndiyo hatari unayobeba muhula huu: ukifeli kozi moja, utajua ni mstari gani utakaofunguka tena. Hifadhi zote mbili kama PDF na uweke tarehe kwenye jina la faili. Masharti yakibadilishwa kimakosa baadaye, faili hilo ndilo litakalokutetea.

Mwaka wa katalogi

Katalogi ni kitabu cha masharti ya programu kwa mwaka husika. Kwa kawaida unafungwa na ile ya mwaka ulioingia chuoni, hata kama walioingia baada yako wana masharti tofauti. Ndiyo maana ni hatari kupanga masomo kwa kutazama ripoti ya rafiki aliye mwaka mwingine. Mwaka huu unaweza kubadilika ukihama fani, au ukisimamisha masomo kwa muda mrefu halafu ukarejea. Vyuo vingi hukuruhusu kuhamia katalogi mpya kwa hiari, ila ukihama unaichukua yote. Huwezi kubeba sharti jepesi la mwaka mpya ukaacha lile zito lililokuja nalo.

Alama na lugha ya mfumo

Katika Degree Works, tiki ya kijani inamaanisha sharti limetimia, duara lililojaa nusu linamaanisha kozi inaendelea, na duara tupu linamaanisha bado. Ripoti za asili ya DARS huandika OK, IP na NO kwa maana hizohizo. PeopleSoft hutumia maumbo yake. Ufunguo wa alama uko juu au chini ya kila ripoti, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha.

Kinachowapotosha watu zaidi ni jinsi masharti yanavyoandikwa. Alama ya @ katika Degree Works inasimama mahali pa herufi au tarakimu zozote. HIST 3@ ni kozi yoyote ya Historia ambayo namba yake inaanza na 3. Nukta mbili zinaonyesha masafa: HIST 300:399 ni kuanzia 300 hadi 399. Angalia pia kozi zilizoondolewa mwishoni mwa mstari. Sharti linaweza kukubali kozi yoyote ya ngazi ya 300 isipokuwa mbili zilizotajwa, na mwanafunzi aliyesoma nusu ya kwanza ya sentensi akaenda kuchukua mojawapo ya hizo mbili.

Tofautisha pia "na" na "au". Orodha ya kozi sita yenye maelezo kwamba unatakiwa kuchukua moja haikudai sita. Lakini pale "au" inapotenganisha makundi, mfano Fizikia ya kwanza na ya pili, au Kemia ya kwanza na ya pili, unapaswa kumaliza kundi moja lote. Fizikia ya kwanza pamoja na Kemia ya pili haifungi mstari huo.

Anza kusoma kutoka chini

Hii ndiyo kazi inayookoa mihula, na ndiyo inayorukwa. Chini kabisa ya ripoti kuna visanduku vya kozi ambazo mfumo haukuzipatia nafasi kwenye masharti. Kisanduku kimoja ni cha kozi zilizoangukia upande wa hiari: zina krediti na zinahesabika kwenye jumla, lakini hazijafunga sharti lolote mahususi. Kingine ni cha kozi zisizohesabika kabisa: ulizofeli, ulizojiondoa, na zile za kurudia ambazo toleo jipya limezifuta. Kingine huonyesha zilizozidi kikomo, kwa mfano pale chuo kinapokubali krediti chache tu za michezo au za mafunzo kazini nawe umechukua nyingi zaidi.

Weka transkripti yako (orodha ya kozi zote ulizosoma na gredi zake) upande mmoja na ripoti upande mwingine. Chukua kozi moja baada ya nyingine, itafute ilipo kwenye ripoti, uitie alama. Kila kozi iliyoko kwenye transkripti lazima ionekane mahali fulani. Ukikuta kozi ya fani yako imelala kwenye kisanduku cha hiari wakati wewe ulidhani imefunga sharti, sababu huwa mojawapo ya hizi:

– Gredi haikufika. Fani nyingi hudai angalau C kwenye kozi zake, ingawa D inatosha kupata krediti. D yako inahesabika kwenye jumla, sharti linabaki wazi, na dawa yake ni kurudia kozi au kuchukua nyingine inayokubalika kwenye mstari huo.

– Namba ya kozi imebadilika. Idara ilibadili namba baada ya katalogi yako kuchapishwa, au kozi inafundishwa kwa pamoja na idara mbili nawe ulijiandikisha kwa namba ya idara nyingine. Hapa kosa si lako, na marekebisho yake huwa mepesi.

– Imehamishwa kutoka chuo kingine kama kozi ya jumla. Badala ya kulinganishwa na kozi maalumu, imepewa namba ya kiujumla kama BIOL 1XX. Krediti umepata, sharti hujafunga. Unahitaji kuomba tathmini upya ukiwa na muhtasari wa kozi wa muhula uleule uliousoma, wenye mada, vitabu na saa za masomo. Jina la kozi peke yake halimshawishi mtu.

– Uliichukua kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila gredi ya herufi, na fani yako haikubali mtindo huo.

– Imekwisha kutumika kwenye sharti jingine. Mfumo hupanga kozi kwa namna unavyoona kila moja inafaa, na wakati mwingine huiweka kozi pale ambapo nyingine ingetosha. Ukiona hivyo, mwombe mshauri aielekeze kozi kwenye mstari unaoutaka. Mara nyingi kuhamisha kozi moja hufunga mistari miwili.

Hesabu zifanyike kwa kalamu

Shahada ya kwanza katika vyuo vingi vya Marekani vinavyotumia mihula miwili hudai krediti 120. Vyuo vya robo mwaka hudai 180, kwa sababu krediti 1 ya muhula ni sawa na 1.5 za robo. Ukihamia kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kozi ya krediti 4 za robo inakuwa 2.67 za muhula, na vile vipande vidogo vinavyokosekana hujikusanya hadi vikadai kozi nzima ya ziada. Pia kumbuka kwamba krediti 12 kwa muhula zinakufanya mwanafunzi wa muda wote, lakini mara 8 ni 96 tu. Anayetaka kumaliza kwa miaka minne bila masomo ya likizo anahitaji wastani wa 15.

Zaidi ya jumla, kuna hesabu nyingine zinazoenda sambamba, na kila moja ina mstari wake: krediti za ngazi ya juu (kozi zenye namba kubwa, kama za 300 na kuendelea), krediti zilizosomwa chuoni hapo hapo (30 ni kiwango cha kawaida kwa shahada ya krediti 120), GPA (wastani wa gredi) ya jumla, na GPA ya fani. Mtu anaweza kufikisha 120 akazuiliwa na mojawapo ya hizi.

Tuchukue mfano. Ripoti inaonyesha mwanafunzi amepata krediti 97, na anasoma 15. Anajumlisha 112, anahitimisha kuwa zimebaki 8. Lakini kozi moja kati ya anazosoma, ya krediti 3, ni ya kurudia ile aliyopata D, na zile 3 za D tayari zimo ndani ya 97. Krediti za kozi iliyorudiwa huhesabiwa mara moja tu. Jumla halisi ni 109, zimebaki 11. Mistari iliyo wazi ni kozi mbili za fani za krediti 4 kila moja na kozi moja ya elimu ya jumla (masomo yanayodaiwa kwa wanafunzi wa fani zote) ya krediti 3, kwa hiyo 11 zinatimia. Sasa angalia ngazi ya juu: chuo chake kinadai 36, amepata 21, na kati ya anazosoma sasa 6 ni za ngazi hiyo. Akiongeza 8 za fani, ambazo ni za ngazi ya juu, anafika 35. Amepungukiwa moja. Akichagua kozi ya elimu ya jumla ya ngazi ya chini, itambidi asome kozi nyingine nzima kwa ajili ya krediti 1. Akichagua ya ngazi ya juu, anafika 38 na kazi imekwisha. Uamuzi huo unafanyika siku ya kujiandikisha, na ripoti haitampigia kengele kwamba uko mbele yake.

GPA nayo ifanyie hivyo hivyo. Tuseme GPA ya fani ni 1.90 kwa krediti 30, kiwango kinachotakiwa ni 2.00, na zimebaki krediti 8. Pointi alizonazo ni 30 × 1.90 = 57. Atakazohitaji mwishoni ni 38 × 2.00 = 76. Zimebaki pointi 19 za kupatikana ndani ya krediti 8, yaani wastani wa 2.375. C+ mbili, zikihesabiwa kwa 2.33, zinampa 18.64 na hazitoshi. B moja (3.00) na C moja (2.00) kwenye kozi za krediti 4 zinampa 20, zinatosha. Kujua hili wiki ya kwanza ya muhula ni tofauti kabisa na kulijua baada ya mtihani.

Kuhusu kozi moja kufunga masharti mawili: vyuo vingi huruhusu kozi ya fani ifunge pia sharti la elimu ya jumla. Tumia ruhusa hiyo, ila krediti zake zinaingia kwenye jumla mara moja. Ukifunga masharti manne kwa kozi mbili za krediti 3, umejipatia nafasi ya krediti 6 ambayo utaijaza kwa kozi za hiari.

Kujaribu kabla ya kuamua

Mifumo karibu yote ina sehemu ya jaribio, inayokuruhusu kuuliza "ingekuwaje" ukihamia fani nyingine, ukiongeza fani ndogo au ukichukua katalogi mpya. Jaribio halibadilishi chochote kwenye kumbukumbu zako, kwa hiyo lifanye bila hofu na mara nyingi upendavyo. Unapolinganisha fani mbili, hesabu krediti zilizobaki na idadi ya mihula ambayo mnyororo wa kozi tangulizi utachukua. Mnyororo wa kozi nne zinazotegemeana, kila moja ikifundishwa mara moja kwa mwaka, unaweza kukula miaka miwili hata kama krediti zilizobaki ni chache. Jihadhari na jambo moja: marekebisho uliyoidhinishiwa kwenye programu ya zamani mara nyingi hayafuati kwenye jaribio, kwa hiyo matokeo yanaweza kuonekana mabaya kuliko hali halisi. Baadhi ya mifumo haihifadhi jaribio pia, hivyo toa PDF kabla hujafunga dirisha.

Kumbuka pia kwamba ukaguzi hauangalii kozi tangulizi, ratiba, wala kama kozi itafundishwa muhula unaoitaka. Ripoti inaweza kukuambia unahitaji kozi fulani wakati idara imeisimamisha. Ratiba ya idara isome kando.

Kufanya ahadi iingie kwenye mfumo

Ukipewa ruhusa ya kutumia kozi moja badala ya nyingine, mwandikie mshauri barua pepe fupi siku hiyohiyo: namba ya kozi uliyosoma, muhula, gredi, maneno kamili ya mstari unaotaka ufungwe, na jina la aliyeidhinisha. Ambatanisha PDF ya ripoti na muhtasari wa kozi. Uliza nani ataingiza marekebisho. Katika vyuo vingi mshauri hupendekeza tu, na anayeingiza ni mtu wa ofisi ya mkuu wa kitivo au ya msajili. Baada ya wiki mbili toa ripoti upya. Marekebisho yaliyoingizwa huonekana chini ya mstari husika pamoja na maelezo na tarehe. Kama hayaonekani, hayajafanyika, na unaruhusiwa kabisa kufuatilia.

Kuna tofauti kati ya kubadilishiwa kozi na kusamehewa sharti. Msamaha unafunga mstari bila kukupa krediti hata moja. Aliyesamehewa lugha ya mwaka wa kwanza kwa sababu anaizungumza tangu utoto bado ana pengo la krediti hizo kwenye ile 120.

Kama unapata msaada wa fedha wa serikali kuu ya Marekani, jua kwamba msaada huo hulipia kozi zinazohesabika kwenye programu yako. Kozi ya hiari uliyoichukua wakati nafasi za hiari zimejaa inaweza kukatwa kwenye hesabu ya msaada. Na mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya F-1 anayebakiwa na krediti chini ya 12 muhula wa mwisho aende mapema ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kupata idhini ya mzigo mdogo, kabla ya kupunguza kozi.

Muhula wa mwisho

Toa ripoti kila mara kabla ya kujiandikisha, baada ya muda wa kuongeza na kuacha kozi kufungwa, na baada ya gredi kutoka. Mihula miwili kabla ya kumaliza, mwombe mshauri mpitie ripoti pamoja. Makosa yakipatikana wakati huo bado yana muda wa kurekebishwa kwa kozi ya kawaida.

Ripoti iliyotiwa tiki zote haikuhitimishi. Kuna ombi rasmi la kuhitimu lenye tarehe yake ya mwisho, ambayo katika vyuo vingine huwa muhula mmoja kabla, na mara nyingi hulipiwa. Kujiandikisha kwa mahafali ni jambo jingine tena; mtu anaweza kuvaa joho na bado shahada yake haijatolewa. Baada ya ombi, mtu wa ofisi ya msajili huipitia kumbukumbu yako kwa macho. Wakati huu ndipo hukwama wenye gredi ya I (Incomplete, yaani kozi haijakamilika) ambayo mwalimu hakuikamilisha, na waliosoma kozi ya mwisho chuo kingine ambacho transkripti yake haijafika. Omba transkripti hiyo itumwe mara tu gredi inapotoka, na mkumbushe mwalimu wa gredi ya I kwa maandishi. Deni la ada na vizuizi vingine kwenye akaunti huenda visionekane kwenye ukaguzi, vitafute kwenye ukurasa wake.

Wiki chache baada ya gredi za mwisho, fungua transkripti isiyo rasmi. Shahada ikishatolewa utaona jina lake, fani na tarehe ya kutolewa. Zikiwepo, hakikisha fani ndogo na mkondo wako pia vimeandikwa, kwa sababu vyuo vingi haviongezi kitu kwenye kumbukumbu ya shahada ikishafungwa.